Mzinga wa Königsberg ulioko Fort Jesus: tuudai au ukae hukohuko?

Mleta mada:
Wakuu habari za jioni. Ile manowari ya Mjerumani iliyojificha Rufiji vita ya kwanza, Königsberg, mzinga wake mmoja uko Mombasa, mwingine Pretoria, mwingine Jinja. Meli imefia kwetu halafu mimi nipande basi nikalipe kiingilio Kenya kuuangalia? Naona tuudai, tuanze na huo wa jirani.

Mtoto wa Kibokoni:
Muudai kwa hati gani? Pale Ngomeni umewekwa pamoja na mzinga wa Pegasus, meli ya Mwingereza ambayo huyohuyo Königsberg aliipiga bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, imetia nanga yatengenezwa. Pegasus ana mizinga 8 ya inchi 4, Mjerumani ana 10 ya milimita 105, yaani unene ni karibu mmoja, lakini wa Mjerumani wafika kilomita 12 na ushee, basi akasimama mbali akamtwanga na makombora ya Pegasus yakawa yatumbukia baharini tu. Sasa ukiutoa mmoja, huyo mtoto wa shule utamwelezaje?

Fundi Mitambo:
Mnagombania chuma bure. Kwanza hiyo 10 isiwatishe, ilipangwa kushoto na kulia, upande mmoja unapata 5. Pili Rufiji hakuna aliyekuwa anamuona mwenzake, Königsberg yuko ndani kwenye mikoko, kwa hiyo shida ilikuwa kujua kombora limeangukia wapi ili urekebishe linalofuata. 6 Julai 1915 Waingereza wakaingiza Severn na Mersey, vimeli bapa visivyohitaji kina, kila kimoja mizinga miwili ya inchi 6. Mjerumani alikuwa ameweka waangalizi nchi kavu wa kumwambia ongeza, punguza, sogeza, na akapiga vizuri kweli mpaka Mersey akapoteza mzinga mmoja akarudi nyuma. Severn wakaja kugundua kuna watu juu ya mti kando ya mto, wakaushambulia ule mti, na kuanzia hapo mapigo ya Mjerumani yakawa ya kubahatisha!! Mwingereza yeye macho yake ni ndege za kutoka Mafia, mwangalizi anatuma alama kwa redio. 11 Julai ndege ikatunguliwa, mwangalizi akawa anaendelea kutuma masahihisho huku wanashuka, wakaangukia mtoni wakaokolewa, ila Severn alishapata vipimo, Königsberg akachakazwa mpaka nahodha Looff akaamuru meli ilipuliwe. Hayo huwezi kuyaelewa ukiwa Dar wala Mombasa, ukirudi upelekwe Rufiji.

Mndengereko Halisi:
Fundi umeeleza vizuri ila umeishia meli inapozama, wakati kwetu ndo kazi ilianzia hapo. Mizinga ilitolewa majini yote, ikapelekwa Dar ikaundiwa magurudumu, mmoja ukaenda kufungwa kwenye meli ya Götzen kule Ziwa Tanganyika, hiyo ndo Liemba ya leo, mwingine ukafika mpaka Kondoa Irangi, na huko porini ni kamba na mabega ya wapagazi, mamia kwa mzinga mmoja, wanakufa njiani kwa maradhi na njaa kwa vita isiyowahusu. Looff tunamjua jina. Mpagazi hata mmoja tajeni hapa nimsikie. Mimi nataka urudi kwa sababu hiyo tu, na kibao kianze na waliouvuta, la sivyo uacheni huko uliwe na chumvi.

Mtoto wa Kibokoni:
Hapo nimekufahamu ndugu yangu, na nakuunga mkono. Lakini kibao hata Ngomeni chabandikwa, hakitaki winchi wala barua ya wizara.

Mleta mada:
Mkuu unakwepa, kibao mtabandika na mzinga mtabaki nao. Halafu mbona huo wa Jinja hakuna anayeugusa, Waganda mnawaogopa?