Naomba ushauri: duka la mtandaoni linanipa krediti badala ya hela yangu

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Niliagiza viatu kwenye duka moja la mtandaoni nikalipa kwa kadi, vikaja saizi siyo halafu kimoja soli inabanduka, nikavirudisha kama walivyoelekeza na risiti ya kutuma ninayo, sasa eti hela hawarudishi wananipa krediti ya kununua tena kwao na ina tarehe ya kuisha! Jamani kosa ni lao, mimi sitaki kitu chao kingine. Kwenye chati wanakopi na kupesti jibu lilelile tu, inauma sana. Nasikia ukilipa kwa kadi unaweza kuiomba benki ipinge malipo, kuna aliyewahi kufanikiwa? Na nikigusa hiyo krediti hata kidogo si ndo nitaonekana nimekubali? Skrinishoti zote ninazo.