Tupeane uzoefu: Unajuaje kituo cha kulea wazee kinahudumia vizuri? Wa Mwanza na Kanda ya Ziwa karibuni

Nyegezi Kona (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Kila mtu akiuliza "mzee tumpeleke wapi", majibu ni yale yale: pasafi, wana upendo, masista wanajitahidi. Hayo hayampi mtu kitu cha kushika. Hapa tuweke vitu vya kukagua. Aliye nesi, mhudumu, mfamasia au ustawi wa jamii aseme cha kuangalia, kipimo chake kama kipo, na sababu. Visa vya familia tuviache kwa uzi mwingine.

Kwa wasiojua mfumo: makazi ya serikali, kama yale ya Bukumbi, Misungwi, ni ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Njia yake inaanzia serikali ya kijiji au mtaa, kisha kwa afisa ustawi wa jamii. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 imeweka familia na jamii mbele, makazi yakawa hatua ya mwisho. Mwenye watoto wa kulipa atakuwa anatafuta kituo binafsi au cha dini, na huko ubora unatofautiana sana.

Na msiende kukagua tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee, wala wiki ya Krismasi au Idi. Siku hizo kila kituo kimepigwa deki, wageni wamejaa na sabuni na sukari zao. Nenda Jumanne ya kawaida.

Nesi wa Usiku

Anza na ngozi, maana haidanganyi. Vidonda vya kulala vinatokea mfupa unapokandamiza nyama dhidi ya godoro mpaka damu haipiti. Sehemu zake ni zile zile: juu kidogo ya makalio, visigino, nyonga, vifundo vya miguu, viwiko, nyuma ya kichwa. Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya masaa 2, na anayeshinda kwenye kiti asogezwe kila saa.

Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu, hutauona. Tafuta alama iliyokoza kuliko ngozi ya pembeni, halafu gusa kwa mgongo wa kiganja: pana joto au ubaridi usio wa kawaida? pamekuwa pagumu, au pamelegea kama tope? Hapo kidonda kimeshaanza ndani, bado tu kupasuka.

Huwezi kuvua nguo wazee wa watu ili ukague. Fanya hivi. Ingia saa nne asubuhi, angalia nani amelalia upande gani. Zunguka, ongea na meneja, kunywa chai yao. Rudi chumbani saa sita na nusu. Kama wote wako vile vile, chati ya kugeuza uliyoonyeshwa ofisini ni ya kujaza tu.

Ukiona mto wa duara wenye tundu katikati, au mhudumu anasugua kwa nguvu sehemu iliyobadilika rangi, jua mafunzo yao ni ya zamani. Ule mto unabana damu kuzunguka kidonda, na kusugua kunapasua mishipa midogo. Kisigino kinasaidiwa kwa kuweka mto chini ya mashavu ya mguu ili kisigino kielee, kisiguse kitu.

Mzee wa Kirumba

Nesi, kila masaa 2? Kituo cha wazee 20 chenye wahudumu wawili usiku hakiwezi hiyo. Tuwe wakweli.

Nesi wa Usiku

Mzee wangu, ndiyo maana swali la "mna wahudumu wangapi" halina maana. Uliza mawili: usiku wanabaki wangapi, na wazee wangapi hawajigeuzi. Kumgeuza mtu mzima vizuri, bila kumburuta kwenye shuka, kunataka watu wawili na kama dakika 10 ukijumlisha kumkausha na kumbadilisha pempasi. Wakiwa wanane, hizo ni dakika 80 katika kila 120. Wakifika 12 muda umeisha, na hapo hujahesabu anayetaka kwenda choo wala aliyeanguka. Ukipata hesabu kama hiyo, hao wahudumu hata wakiwa malaika kazi haitafanyika.

Godoro zuri linaongeza nafasi. Kwenye sponji nzito baadhi ya wazee wanafika masaa 3 mpaka 4. Lipime: mzee akiwa amelala, pitisha kiganja chini ya godoro pale makalio yalipo. Ukiusikia mwili wake juu ya kiganja, sponji imekufa.

Mama Jiko Mkuyuni

Nenda saa ya chakula, na usiangalie sahani. Angalia mikono ya anayelisha. Mzee wa kulishwa anahitaji dakika 20 hadi 30, wengine zaidi. Mhudumu mmoja akiwapitia watano kwa nusu saa, kuna wanaobaki na njaa na kuna wanaopaliwa.

Anayelishwa akae wima, kidevu kiangalie chini kidogo, kijiko kidogo, asubiriwe ameze kabla ya kingine. Baada ya kula abaki amekaa angalau nusu saa. Kulisha mtu aliyelala chali ni kumwagia uji kwenye mapafu, na nimonia inafuata siku chache baadaye. Sikiliza pia sauti: akimeza halafu sauti ikatoka yenye majimaji, au anakohoa kila kijiko, huyo anatakiwa apimwe namna anavyomeza na abadilishiwe uzito wa chakula. Wakikuambia "ni uzee tu", weka alama.

Samaki tunaye wa kutosha huku, shida ni miiba. Sangara wa minofu anafaa kuliko sato kwa asiyeona vizuri. Dagaa wakaangwe kavu, wasagwe unga, wachanganywe kwenye mboga au uji. Ugali wa udaga (unga wa muhogo uliovundikwa) unanata sana kwa asiye na meno, na mlenda unausaidia kushuka.

Kisha omba daftari la uzito. Kila mzee apimwe mara moja kwa mwezi, mizani ile ile. Akipungua asilimia 5 ndani ya mwezi, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, lazima kuwe na maelezo na hatua iliyochukuliwa. Daftari hakuna? Basi hakuna anayejua kama wanakonda.

Maji: mzee hasikii kiu kama kijana. Lengo la vinywaji vyote kwa siku ni kama lita 1.6 kwa mama na lita 2 kwa baba, isipokuwa daktari amepunguza kwa sababu ya moyo au figo. Kikombe kiwe mkono unapofika. Jagi lililojaa kwenye meza ya ukutani ni pambo.

Pasiansi Dawa

Dawa zina kitabu chake au karatasi yake kwa kila mzee: jina la dawa, kipimo, saa, sahihi ya aliyetoa. Ukifika saa tano asubuhi ukakuta hadi za usiku zimeshatiwa sahihi, umemaliza ukaguzi, ondoka. Kama mzazi wako tayari yuko pale, hesabu vidonge. Vya siku 30 vilivyoanza tarehe 1, tarehe 15 asubuhi kabla ya kunywa vibaki 16. Vikizidi hapewi, vikipungua vinatoka kwenda kwingine.

Mambo manne yanayokosewa sana:

Insulini isiyofunguliwa inakaa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda hata mara moja ni ya kutupa. Uliza umeme ukikatika wanafanya nini, na iliyofunguliwa imeandikwa tarehe? Ikipita siku 28 haitumiki.

Nifedipini ya kuachia dawa polepole haisagwi. Ikisagwa inaingia yote kwa mkupuo, presha inaporomoka, mzee anaanguka.

Diklofenaki ya kila siku kwa ajili ya magoti. Inachoma tumbo, inaumiza figo, inapandisha presha. Inauzwa kila duka la dawa na ndiyo maana inagawiwa kama pipi.

Na dawa za kulaza. Saa nane mchana wazee wengi wamesinzia vitini, mate yanatoka, wakiamshwa hawajui walipo? Uliza kama kuna diazepamu, amitriptilini, haloperidoli au dawa za mafua zinazolewesha, na nani aliandika. Kuna vituo vinavyolaza wazee ili zamu ipumue. Matokeo yake ni kuanguka, mkojo kuziba na choo kigumu.

Tena, mzee akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, huo si uzee. Mara nyingi ni malaria, mkojo mchafu, nimonia, sukari au dawa. Kituo cha Kanda ya Ziwa kisicho na kipimo cha haraka cha malaria wala cha sukari kinabahatisha. Na kila kitanda chandarua, kisicho na matundu, kinachofika chini ya godoro.

Igogo Mlimani

Ninyi mnaongelea ndani, mimi naongelea mawe. Mwanza hii nyumba nzuri yenye upepo wa ziwa mara nyingi iko juu ya mwamba. Gari linafika mlangoni? Kama kutoka barabarani ni ngazi 40 za mawe, mzee akiishiwa pumzi usiku atabebwa mgongoni. Pimeni pia kitanda: akikaa ukingoni nyayo ziguse sakafu zote. Choo kiwe cha kukaa, chenye chuma cha kushika upande wa mkono wake wenye nguvu, na taa inayowaka usiku kucha kutoka kitandani hadi chooni.

Maji ya kuoga yakitoka ziwani moja kwa moja, kichocho kinawafuata bafuni. Yakae kwenye tanki siku mbili kabla ya kutumika, vimelea vinakufa. Ya kunywa ni ya kuchemshwa au kutiwa dawa, hilo halina mjadala.

Ng'wana Kwimba

Ongezeni lugha. Mzee anayepoteza kumbukumbu anaachwa na Kiswahili kwanza kama alikijua ukubwani. Kila zamu iwe na anayesema Kisukuma, au Kikerewe, Kijita, kutegemea wazee waliopo. Asiyeweza kusema "naumwa tumbo" ataonekana mkorofi.

Na sikilizeni wahudumu wanavyowaongelea bibi wenye macho mekundu au wanaoongea peke yao usiku. Usukumani tunajua maneno hayo ya uchawi yanaishia wapi: bibi anauawa. Macho yale ni moshi wa miaka jikoni. Kituo ambacho neno uchawi linatajwa kwa utani mbele ya meneja, naye akacheka, hakifai hata kama kina vigae.

Mzee wa Kirumba

Hapo kwenye mpira wa mkojo hamjagusa.

Nesi wa Usiku

Mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu muda wote ila usiguse sakafu. Umwagwe ukifika theluthi mbili. Tarehe ya kuwekwa mpira iandikwe: wa silikoni haupiti wiki 12, wa kawaida unabadilishwa mapema zaidi, wiki chache tu. Na uliza kwanza kwa nini umewekwa. "Anakojoa kitandani" si sababu.

Ustawi Ilemela

Mkataba. Usomeni kabla ya kulipa, hasa haya.

Mzee akilazwa Sekou Toure au Bugando, nani anakaa naye? Hospitali zetu zinategemea ndugu wa kuleta chakula, kufua na kukimbilia dawa. Vituo vingi vinamfikisha mapokezi na kuondoka. Iandikwe: mhudumu atakaa saa ngapi, nani analipia vipimo, ndugu anapigiwa simu ndani ya muda gani. Kwa kituo kilicho Ukerewe uliza na kivuko: usiku kukiwa na dharura, nani mwenye boti na mafuta?

Kadi ya benki na namba ya siri ya simu hazikabidhiwi kituo. Mstaafu wa PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) ana uhakiki wa kufanyiwa. Andikeni nani atamsaidia, pensheni isije ikasimama.

Muda wa kutembelea nao uandikwe. Kituo kinachoruhusu Jumapili mchana pekee kinakupa onyesho. Ombeni ruhusa ya kufika saa moja jioni bila taarifa, maana hapo zamu inabadilika na mtaona kama kuna makabidhiano ya maandishi au wanapungiana mikono getini. Wakikataa, waulizeni sababu mbele ya mzee mwenyewe, kisha mumwangalie yeye, si meneja.