MREJESHO: Usafiri wa saa 10 alfajiri, Kimara hadi Kariakoo

Habari zenu wakuu, mimi ndo niliyeuliza mwezi uliopita nitafikaje bekari Kariakoo saa 10 alfajiri kutoka Kimara bila mshahara wote kuishia kwa boda. Nilianza na ushauri wa kupatana na boda mmoja kwa mwezi, ukafeli, wiki ya pili tu hakutokea mara 2, simu haipatikani, nikakatwa hela kazini. Mliosema niulizie wenzangu wa shifti mmeniokoa kweli, tumepatikana watatu wa Morogoro Road tunachangia bajaji ya jirani yake mmoja wetu, kila mtu 2,500, kurudi mchana napanda mwendokasi. Jumapili bado shida, wenzangu wanapumzika so nalipa boda 6,000 peke yangu. Asanteni sana jamani, hasa dada aliyenikataza kutembea mwenyewe usiku ule.