Mjadala: Mtoto wa darasa la pili afundishwe nchi ya watu kwa nyimbo na hadithi, au ni kumpotezea muda?

Wadau habari zenu. Nalileta hili hapa maana kwenye grupu la wasap la wazazi limeshawasha moto. Mwalimu wa mwanangu kaanza kuwafundisha watoto kuhusu Ghana kwa hadithi za Kwaku Ananse, yule buibui mjanja, na mchezo wa kupokezana mawe huku wanaimba. Mzazi mmoja anasema hesabu zenyewe hawajui wanaimbishwa ya nini, mwingine kakasirika kwamba hadithi ina mungu wa angani anaitwa Nyame, mtoto ataharibika imani.

Mi niko na mwalimu. Juzi dogo karudi na kokoto mfukoni, katukalisha duara sebuleni na bibi yake, kila mtu na jiwe lake, unamwekea jirani yako kwa pigo la wimbo, ukichelewa kidogo tu mawe yanakurundikia mbele. Ya bibi yakarundikana haswa. Halafu akatuhadithia Ananse alivyotaka kununua hadithi zote kwa Nyame akaambiwa lete chatu, chui na mavu, sa kwa wale mavu akajimwagia maji mwenyewe akawamwagia na wao, akawaambia mvua hiyo, ingieni kwenye kibuyu msilowe, wakaingia, akaziba. Bibi akasema huyu mbona ni Sungura! Mtoto akamjibu, "Sungura wa kwao, bibi."

Jamani hilo jibu ukitumia ramani peke yake unalipata wapi?

Na haikuishia hapo. Kajua Kwaku ni mvulana aliyezaliwa Jumatano, Kofi Ijumaa, Kwame Jumamosi, nikamwambia na sisi si tuna kina Juma na Khamis? Sa tunapita Mtaa wa Nkrumah hapa Dar, yule Kwame Nkrumah aliyeiongoza Ghana kupata uhuru, ananiuliza huyo naye Kwame wa Jumamosi, ndo nikapata pa kumwambia Ghana ilipata uhuru 6 Machi 1957, Tanganyika tukafuata Desemba 1961. Mtaa huo tumeupita miaka yote hajawahi kuuliza kitu.

Hili la imani silidharau, mzazi ana haki ya kuuliza, ila sisi tumekua na paukwa pakawa, mazimwi na majini usiku kucha, na tukajua hadithi ni hadithi. Hata Abunuwasi tuliyemcheka utotoni asili yake si ya huku, jina ni la Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad enzi za Harun al-Rashid. Hakuna aliyetuuliza kaingiaje.

Hoja iliyonishika ni ya mama mmoja aliyesema Ananse ni wa Waakan, Ghana ina Waewe, Waga, Wadagomba na wengine kibao, ukimfanya Ananse ndo Ghana ni sawa na mgeni aseme sindimba ndo Tanzania nzima wakati ni ngoma ya Wamakonde. Hapo kanipata, na naona mwalimu inabidi aseme wazi hii ni ya nani, na awaonyeshe picha za Accra ya leo yenye foleni na maghorofa, mtoto asibaki na kibuyu tu kichwani. Na asiishie Ghana, awaambie Ananse alivuka bahari na watu waliouzwa utumwani mpaka Jamaika, na huko anahadithiwa mpaka leo. Biashara ya utumwa kumwelezea mtoto wa miaka minane ni kazi, lakini akiuliza "sa buibui alifikaje huko?" ameshaanza mwenyewe.

Nyie mnaonaje? Hasa wadau mlioko Ulaya na Marekani, watoto wenu wakifundishwa hadithi zetu huko shuleni wanaambiwa ni ya Wazaramo, Wakamba, Waswahili wa Lamu, au wanaambiwa "hadithi ya Kiafrika" basi?