Winchi, friji na kompresa kwenye pikapu ya umeme: 12V ya gari, betri ya pili, au betri ya kubeba?

Msafiri_Denver
Habari wakuu. Nina pikapu ya umeme, naiandaa kwa safari za porini. Nataka iendeshe friji, taa, kompresa ya upepo na winchi. Naona njia tatu: kufunga kila kitu kwenye betri ya 12V iliyokuja na gari, kuweka betri ya pili pembeni, au kununua ile betri ya kubeba yenye inveta ndani (ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa soketi) na kuchomeka kila kitu humo. Bajeti dola 2,500. Ipi bora? Safari ni mwezi ujao.

Kapi_na_Kamba
Mkuu, pikapu ipi? Unaenda wapi, siku ngapi, peke yako au mnaongozana? Winchi ya uzito gani? Umetaja bajeti, hujataja gari.

dada_wa_volti
Naunga mkono. Cybertruck ya Tesla mfumo wake mdogo wa umeme ni 48V, kwa hiyo winchi ya 12V haina pa kushika. Ford F-150 Lightning yenye Pro Power kubwa (soketi za kutolea umeme wa gari) inatoa 9.6 kW: 7.2 kwenye bodi ya nyuma na 2.4 kwenye buti ya mbele. Rivian R1T ni 1.5 kW tu kwa soketi zote za 120V. Na huo wote ni umeme wa AC (kama wa nyumbani), wakati winchi za magari ni za DC (umeme wa betri). Watu wanakalia betri ya zaidi ya 100 kWh wakidhani winchi itakula humo. Haili humo. Inakula kwenye kabetri ka 12V.

Msafiri_Denver
Samahani wakuu. Ni R1T ya 2022, mota nne, betri kubwa. Naenda njia ya White Rim, Utah, Marekani, siku tatu. Winchi sijanunua, nimeona za pauni 10,000 zina bei nzuri.

Fundi_Ampea
Anza na uzito. R1T ikipakiwa hadi kikomo chake ni pauni 8,532, kama kilo 3,870. Kanuni ya winchi ni mara moja na nusu ya hapo, yaani karibu pauni 12,800. Ya 10,000 ni ndogo. Nunua ya 12,000 na uongeze kapi ya kuzidisha mvuto. Kumbuka pia nguvu iliyoandikwa kwenye winchi ni ya tabaka la kwanza la kamba kwenye ngoma. Kila tabaka linaloongezeka linakupunguzia.

Njia namba moja ifute. Nieleze inavyoharibika, maana niliona gari lililoletwa likiwa juu ya lori kwa sababu hiyohiyo. Kampuni siitaji, na karakana iliyofunga siitaji.

Winchi ilifungwa moja kwa moja kwenye betri ya 12V ya kiwandani, ile ndogo. Gari la umeme halina alternata ya kuchaji betri hiyo. Kuna kigeuzi kinachoshusha umeme wa betri kubwa hadi volti 13 na ushee, na vingi vinatoa kati ya ampea 100 na 200 basi. Winchi ikivuta gari lililozama hadi ekseli inadai 350 hadi 400. Kinachopungua kinatoka kwenye betri ndogo. Volti ikashuka chini ya 10, kompyuta ya gari ikaona hali ya hatari ikafungua kontakta, yaani swichi zinazounganisha betri kubwa na gari. Kontakta zikishafunguka kigeuzi nacho kinakufa, kwa hiyo mzigo wote ukabaki kwa betri ndogo. Sekunde chache, kimya.

Sasa ona balaa lilivyojipanga. Handibreki ni ya umeme, imebaki imefungwa. Nyutro huwezi kuweka kwa sababu skrini imezima. Buti ya mbele inafunguliwa kwa umeme, na betri iliyokufa imo ndani ya hiyo buti. Gari la tani tatu na zaidi, magurudumu yote manne yamefungwa, kwenye tope. Hata mwenye trekta hawezi kukusaidia bila kukwangua kitu.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi na ndilo lililoficha la kwanza. Waya wa negativu wa winchi ulifungwa kwenye nguzo ya betri badala ya chasisi. Kwenye nguzo ile kuna kihisi kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Ukifunga upande wa betri umekiruka kihisi, kompyuta inaamini betri imejaa wakati imekwisha. Negativu ya kifaa chochote inakwenda kwenye chasisi. Chochote, hata taa ya wati 20.

Kisiki
Ndiyo maana nasema kila siku: betri ya kubeba ya kWh 1, friji imechomekwa humo, mambo yamekwisha. Friji ya lita 45 inakula wastani wa nusu kWh kwa siku. Siku mbili una baridi bila kugusa gari. Ukiendesha unaichaji kwenye soketi ya 120V. Hakuna kukata waya, hakuna kugombana na mwenye gari kuhusu waranti.

dada_wa_volti
Kwa friji nakubali, na kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Ukiacha soketi za 120V zikiwaka usiku kucha, gari halilali. Kontakta zinabaki zimeunganisha betri kubwa, kompyuta ziko macho, pampu zinaweza kuwaka. Tuseme huo ulinzi unakula wati 200: ukiziacha usiku na mchana, kwa saa 24 ni 4.8 kWh. Friji yenyewe imekula nusu kWh. Unalipia mlinzi karibu mara kumi ya kile anacholinda. Kwenye betri ya 135 kWh hiyo ni kama asilimia 3.5 kila siku, na White Rim haina chaja mpaka urudi Moab.

Lakini Kisiki, betri ya kubeba haitavuta winchi. Mlango wake wa 12V mara nyingi ni ampea 10, zilizozidi sana 30.

Kisiki
Nani kasema winchi? Mimi siamini winchi kabisa.

Tanganyika_4x4
Arusha hapa. Nunua Tirfor (winchi ya mkono) ya tani 1.6, kapi mbili, waya wake, na jasho lako. Haiulizi volti. Inavuta mbele, nyuma na pembeni, na unaifunga kwenye gari lolote. Winchi ya umeme kwenye bampa inajua kuvuta mbele tu, na mara nyingi ulikokwama mbele ndiko kubaya zaidi.

Fundi_Ampea
Tanganyika, tani 1.6 kwa gari la karibu tani nne kwenye tope? Kapi moja inakupa tani 3.2 ukitoa msuguano, na kila mpini ukisukumwa gari linasogea sentimita moja au mbili. Ni kifaa kizuri sana, sibishi, ila mwambie ukweli: ni kazi ya saa nzima.

Njia namba mbili, kwa winchi, iko hivi. Betri ya pili ya AGM (ya risasi na asidi, isiyomwagika), ukubwa wa Group 31, kama Ah 100 (ampea-saa, yaani ujazo), uzito karibu kilo 30. USINUNUE lithiamu ya kawaida ya Ah 100 kwa kazi hii. BMS yake (kompyuta ya kuilinda) inakata kwenye ampea 100 mfululizo, ukiminya winchi inazima palepale. Winchi haihitaji ujazo mkubwa: ampea 400 kwa dakika mbili ni Ah 13 tu. Inahitaji betri inayoweza kutoa nyingi kwa mpigo, na AGM ya kuwashia injini inaweza.

Kuichaji usiiunganishe na 12V ya gari kabisa. Weka chaja ya AC ya ampea 30 kwenye soketi ya 120V. Inakula kama wati 500, soketi za R1T zinamudu. Hapo mfumo wa gari na mfumo wako havijuani, na hata winchi ikila betri yako hadi tone la mwisho, gari bado linafungua milango.

NairobiEV
Bosi, mbona usitumie chaja ya DC kwa DC, 12V kwenda 12V? Waya ni michache. Hata zile Land Cruiser za safari zilizobadilishwa kuwa za umeme huku na Opibus, sasa wanaitwa Roam, 12V yake inatoka kwenye kigeuzi.

Fundi_Ampea
Inafaa, ila ya ampea 30 ni mzigo wa zaidi ya wati 400 kwenye kigeuzi cha gari, na ni lazima izime gari likilala. Ikiachwa wazi inanyonya betri ndogo, gari linaamka kuijaza, linalala, linaamka tena, usiku kucha. Kwa Land Cruiser iliyobadilishwa fundi ndiye aliyeandika sheria za 12V, anaweza kuongeza. R1T sheria zimeshaandikwa.

Kapi_na_Kamba
Nashangaa mmefika hapa bila kuuliza swali la msingi. White Rim winchi utaifunga kwenye nini? Ile njia ni kilomita kama 160 juu ya mwamba mtupu. Mti wa kufunga kamba huupati sehemu kubwa, na kutoka nje ya njia hairuhusiwi. Winchi bila nanga ni mapambo ya kilo 40 kwenye pua ya gari. Msafiri hajajibu kama anakwenda peke yake.

Kama kuna gari la pili, hela yake iende hapa: kamba ya kunyumbulika ya mm 22, zinakatika karibu tani 13, inatosha kwa R1T. Shakeli laini mbili (pingu za kuungia, za kamba badala ya chuma). Vibao vinne vya kukanyagia tairi, si viwili, kwa uzito huo. Koleo. Na tafadhali, kamba isifungwe kamwe kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia tela. Chuma kile kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wamekufa. Toa mpira, ingiza kitanzi cha kamba kwenye tundu lake la inchi 2 na ukishike kwa pini, au tumia ndoano za mbele.

Tanganyika_4x4
Gari la umeme likivutwa magurudumu yanazalisha umeme. Mmesahau hilo.

Kapi_na_Kamba
Hatujasahau. Kuvutwa barabarani kilomita nyingi hapana, linapandishwa kwenye lori. Kunasuliwa mita kumi kwa mwendo wa miguu, dereva ndani, gari limewaka na liko nyutro, ni kitu kingine. Ndiyo sababu 12V haitakiwi ife.

Muscat_Mchanga
Wote mnazungumzia kuvuta, mimi nazungumzia upepo wa tairi. Mchangani tani tatu na nusu kwenye psi 45 unazama tu. Shusha hadi 18 au 20, nusu ya matatizo haya hayatokei. R1T ya 2022 inaweza kuwa na kompresa yake kwenye bodi, tazama kabla hujanunua nyingine. Ila ipumzishe kati ya tairi na tairi, ikipata joto inajizima. Ukitaka ya haraka, kompresa ya mapipa mawili ya 12V inakula ampea 50 hivi, kwa hiyo ni ya kwenye AGM, si soketi ya sigara.

Kisiki
Au kompresa ya 120V ya dukani, wati 1,200, unachomeka kwenye bodi. Bei nusu.

Muscat_Mchanga
Mota ya AC ikianza inaruka mara kadhaa ya wati zake. Kwenye soketi za wati 1,500 umeme utajizima kwa kuzidiwa, na friji yako imechomekwa hapohapo.

Msafiri_Denver
Asanteni. Niko na rafiki mwenye Toyota 4Runner. Nimeona winchi inayoingia kwenye tundu la tela la nyuma, unaichomoa na kuiweka ndani. Betri ya pili nafikiria kuiweka mbele ili uzito usirundikane nyuma. Hiyo je?

dada_wa_volti
Winchi ya nyuma nzuri, inakurudisha ulikotoka, na ulikotoka unakujua. Lakini betri mbele winchi nyuma, fanya hesabu ya waya. Tuseme mita 5 kwenda na 5 kurudi. Shaba ya mm² 35: ohmu 0.005, kwenye ampea 400 unapoteza volti 2. Betri ya 12 chini ya mzigo iko kwenye 11 tayari, winchi inaona 9. Inavuta polepole, inapata moto, inaungua. Shaba ya mm² 70 unapoteza volti 1. Kwa hiyo betri iwe kwenye bodi, karibu na winchi, waya wa mita moja na nusu, plagi ya Anderson ya ampea 350, na fyuzi ya ampea 400 ndani ya sentimita 20 za betri.

Fundi_Ampea
Fyuzi kwenye winchi mimi siweki. Inakatika wakati unaihitaji. Weka swichi ya kukata.

dada_wa_volti
Ukiweka waya mnene bila fyuzi juu ya pakiti ya lithiamu ya 135 kWh, kisha chuma kikachubua ganda? Ikikatika unabadilisha, unakuwa nayo ya akiba. Swichi inataka mtu aliye karibu na anayefikiri.

Fundi_Ampea
Watengenezaji wengi wa winchi wenyewe hawaweki.

dada_wa_volti
Kwa sababu wanafikiria betri iko mita moja kutoka kwenye bampa ya mbele. Yeye anaweka kwenye bodi yenye koleo, jeki na vibao vinavyocheza.

NairobiEV
Tukishazungumzia jeki: R1T ina springi za upepo. Kabla ya kuinua weka gari kwenye hali ya kubadilisha tairi, vinginevyo linajaribu kujisawazisha juu ya jeki. Na jeki ndefu ya kushika bampa usiilete karibu na ubavu, pakiti iko pale. Tumia nukta nne za kiwandani, uwe na kibao cha kuweka chini yake.

Tanganyika_4x4
Dizeli haina haya yote. Washa injini, alternata inafanya kazi, vuta.

Kisiki
Alishanunua, mzee wangu.

Kapi_na_Kamba
Msafiri, 4Runner ya rafiki ina winchi? Kama inayo, ya kwako sidhani unaihitaji safari hii. Betri ya kubeba ya friji, kompresa ya gari, kamba, vibao, na zaidi ya nusu ya bajeti inabaki.

Msafiri_Denver
Inayo, ya pauni 9,000.

Fundi_Ampea
9,000 kuvuta R1T iliyojaa: lazima kapi, na lazima 4Runner nayo ifungwe nyuma, la sivyo itakayosogea ni yenyewe. Injini yake iwake muda wote wa kuvuta.

dada_wa_volti
Safari ni mwezi gani hasa? Ikiwa ni Novemba usiku kunaganda kule, na betri ya lithiamu ya kubeba haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0. Ilale ndani ya gari, si kwenye bodi.

Muscat_Mchanga
Na kibali cha kulala White Rim umepata? Hata wa siku moja wanataka kibali.