Wenye pikipiki kubwa Mtwara na Lindi: tairi likiisha unafunga lipi? Tupeane uzoefu

Chuma cha Mikindani

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wanaokwenda kazini kila siku na mashine za kuanzia cc 400 kwenda juu. Tairi la Boxer huku kwetu utalikuta hata duka la sabuni. Taja 150/70-17 (upana milimita 150, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 17) uone: muuzaji anakuangalia, anaangalia dari, kisha anakwambia "hilo labda Dar".

Naanza na langu. Nina Suzuki V-Strom 650. Asubuhi natoka Mikindani naingia mjini, jioni narudi, na wikendi nikipata mafuta nakwenda Lindi. Mbele 110/80-19, nyuma 150/70-17.

Msimamo wangu ni huu: tuache kuchagua tairi kwa kuangalia injini, tuangalie njia ya kwenda kazini. Mashine yangu ina farasi karibu 70, lakini nani kazimaliza zote kati ya Mikindani na Mtwara mjini? Kinachokula tairi langu ni kwenda wima. Lami imenyooka, kona za kulala hakuna, kwa hiyo katikati linalika wakati pembeni bado lina vinywele vya kiwandani. Mwisho linakuwa bapa. Tairi bapa ukiliingiza kwenye kona linagoma kwanza, halafu linadondokea upande kwa mara moja. Ukikutana na hilo kwenye mzunguko wa barabara huku lori la makaa ya mawe linakuja, utasali.

Ndiyo maana nyuma nikafunga la safari lenye raba mbili: ngumu katikati, laini pembeni. Ukoo wenyewe mnaujua: Michelin Road, Metzeler Roadtec, Pirelli Angel GT, Dunlop RoadSmart na wenzao. Si yale ya mbio.

Nyie mlichagua kwa kigezo gani, mlilipataje, na limewafikisha wapi? Wa bodaboda karibuni pia, ila msituletee ya Boxer humu.

Mzee wa Foleni

Foleni ya Mtwara ipi, mkuu? Haha. Nafuatilia.

Nne Silinda

Mimi nina Honda CB400, kazi upande wa Msijute kiwandani. Mbele 120/60-17, nyuma 160/60-17.

Nakuunga mkono nusu. Hiyo ya kutofunga tairi la mbio, sawa kabisa. Nilinunua mashine ikiwa nayo, laini kama kifutio. Tairi la namna ile limetengenezwa lishike likiwa moto, na joto lenyewe linatokana na kukimbizwa na kulazwa. Ukitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi unafika kazini halijashtuka. Unalipia mshiko usioupata, na raba inaisha kabla korosho hazijaiva.

Ila nguvu ya injini usiipuuze hivyo. Tairi lina namba ya uzito na herufi ya mwendo ubavuni. Kwa mfano 69 maana yake kilo 325, 73 ni kilo 365. Herufi H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Usishuke chini ya zile zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine, hata kama wewe ni mtu wa 80. Herufi ile haikupimi wewe tu, inapima joto ambalo tairi linalistahimili. Pakia mkeo na gunia la mchele nyuma, jua la saa nane, lami inachemka, ndipo utaelewa kwa nini.

Chuma cha Mikindani

Hapo umenirekebisha vizuri. Niliongelea aina, wewe umeongelea kiwango. Kiwango hakishuki.

Kijiwe Chikongola

Samahani wakuu, mnatukataza ya Boxer, lakini inchi 17 si inchi 17? Nimewahi kuona jamaa kafunga la Boxer kwenye mashine kubwa na anatembea.

Nne Silinda

Inchi 17 ni kipenyo cha rimu tu, mdogo wangu. Upana je? La Boxer nyuma ni inchi 3.00, yaani milimita kama 76. La kwangu 160. Rimu yangu ina upana wa inchi 5, hilo lako litakaa juu yake likiwa limetanuka midomo. Na la 3.00-17 kwa kawaida linabeba namba 50, kilo 190. Mashine peke yake bila mtu inakaribia hapo. Huyo uliyemwona anatembea, mwombee.

Binti Shangani

Kaka zangu hamjagusa kitu kinachoniuma mimi: umri wa tairi. Nina CB500X, na tairi huwa naagiza Dar, linakuja kwenye basi.

Ukimwambia muuzaji akutumie picha, anakutumia ubavu wenye jina kubwa la kampuni, linang'aa, limepakwa mafuta. Mimi siangalii jina. Namwambia nipigie picha pale palipoandikwa DOT, mwisho kabisa, kwenye kiduara chenye namba 4. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upande mmoja wa tairi namba hizo huwa hazipo, kwa hiyo akisema "hili halina" mwambie aligeuze.

Mmoja alinizungusha siku nzima. Kwanza simu yake haina mwanga, mara stoo imefungwa, mara "dada hili ni jipya halijawahi kugusa chini". Ilipokuja picha: 1116. Tairi la 2016! Kweli halijagusa chini, lakini raba inazeeka hata ikiwa imelala. Inakauka, inakuwa ngumu, na kwenye stoo ya bati yenye joto la pwani yetu inakauka upesi zaidi. Kashata (vile vipande vya raba vinavyogusa barabara) zitakuwa ndefu vizuri tu, halafu mvua ya kwanza likakutelezesha kama halina kashata. Nikamwambia abaki nalo.

Nilipata jingine kwa muuzaji mwingine, lilikuwa na umri usiofika mwaka. Bei ilizidi kidogo. Tangu hapo sheria yangu: hakuna picha ya namba, hakuna muamala. Pesa ikishatoka kwenye simu na tairi likishapanda basi, wa kurudisha ni nani?

Mzee wa Foleni

Nimetoka nje sasa hivi na tochi. 0715. Mungu anisamehe.

Binti Shangani

Kaka, hilo lina umri wa kuwa shuleni! Kesho nenda na daladala.

Nyanda za Juu Newala

Ninyi nyote ni watu wa lami. Mimi nina Transalp 700, rimu za spoku, kwa hiyo ndani kuna tyubu. Nafanya kazi Newala, familia ipo Mtwara. Lami ya kilomita 50 hadi Mnivata ni raha tupu, baada ya hapo kipindi cha ujenzi tulikuwa tunapitishwa michepuko: kokoto, vumbi la kumezea, na mvua ikinyesha udongo mwekundu unageuka sabuni.

Kwa hasira nikafunga tairi la kashata kubwa mbele na nyuma, yale ya kina TKC 80. Kwenye udongo nilikuwa mfalme. Kurudi kwenye lami sasa! Linaunguruma hadi unadhani beringi zimekufa, breki ya ghafla linajikunja kabla ya kushika, na injini ya silinda mbili inazitafuna kashata za katikati kila ukifungua mafuta. Mashine yenye nguvu na kashata ndefu ni ndoa ya gharama. Msimu haukuisha, la nyuma likawa limechoka, la mbele bado linadai.

Sasa hivi nipo kwenye yale ya katikati, yenye mifereji mipana lakini vipande vimeshikana, aina ya Anakee, Tourance au Heidenau K60. Matope mazito yananishinda kuliko zamani. Lakini nikihesabu kwa haki, sehemu kubwa ya mwendo wangu ni lami, na mchanga ninaokutana nao zaidi ni wa Msimbati, wa kutembea na watoto. Mchangani mle nashusha upepo kidogo, nikirudi barabarani najaza. Usisahau kujaza. Tairi lenye upepo mdogo kwenye lami linapata moto, na lenye tyubu ukikanyaga msumari upepo unatoka wote kwa mara moja. Lisilo na tyubu angalau linakupa muda wa kusogea pembeni.

Nne Silinda

Kwa hiyo na wewe umerudi kwenye hoja ya mwenye uzi. Njia ndiyo inachagua.

Nyanda za Juu Newala

Njia, na nani analipa. Ningekuwa nalipiwa na ofisi ningefunga kashata mwaka mzima.

Fundi Mkanaledi

Mimi ndiye mnayeniletea hizo tairi nizifunge, kwa hiyo niseme yangu.

Watu wanahangaika miezi kutafuta tairi la maana, kisha wanalipeleka kwa mtu wa pancha mwenye vyuma viwili na nyundo. Rimu ya aloi haipigwi nyundo. Ikipata jeraha pale midomo ya tairi inapokaa, upepo utavuja milele. Mimi naweka vipande vya plastiki nilivyokata kwenye dumu kati ya chuma na rimu, na maji ya sabuni ya kutosha. Tairi likikubali linaingia taratibu, likigoma ujue hujalisukuma mdomo wake katikati ya rimu, kwenye bonde.

Mshale ubavuni unafuatwa. Nimeshaletewa mashine imefungwa la nyuma kinyume, mwenyewe analalamika mvua inamsumbua. Valvu ya mpira ibadilishwe kila tairi jipya linapofungwa, ni kitu cha bei ndogo. Na yenye tyubu, tyubu mpya.

Upepo sasa. Hapa ndipo watu wa mashine kubwa wanapoua tairi. Unapita kwa wajaza upepo, anajaza kama bodaboda, anapiga teke, "tayari bosi". Mashine nyingi za 120/70-17 mbele na 180/55-17 nyuma zinataka kama psi 36 na 42. Yenu someni kwenye kibandiko karibu na mnyororo au kwenye kitabu. Pimeni asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo chako mwenyewe, maana vipimo vya vijiweni kila kimoja kina dini yake. Ukipima saa nane mchana baada ya kutoka Lindi utakuta umezidi, utapunguza, na kesho asubuhi litakuwa chini.

Jingine: tairi jipya linateleza. Lina ngozi ya kiwandani juu. Kilomita 150 za mwanzo nenda kistaarabu, ongeza kulala kidogo kidogo. Nawaambia wateja, wanacheka, wanatoka getini wamefungua mafuta.

Kijiwe Chikongola

Fundi, kuna jamaa anataka kuweka 190 mahali pa 180 ili nyuma pajae. Inakubali?

Fundi Mkanaledi

Kuingia linaingia. Rimu ya inchi 5.5 inalibana, linakuwa limechongoka katikati, mashine inabadilika tabia kwenye kona na wakati mwingine linagusa mnyororo. Kama anataka paonekane pamejaa, anunue begi la nyuma.

Lindi Mjini Mitwero

Natokea Lindi, kazi zangu zinanipeleka Masasi mara kwa mara kupitia Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao, Ndanda. Nina XJ6.

Niwaulize jambo lililonisumbua: la nyuma liliisha, la mbele zima. Nikapata la nyuma la kampuni nyingine. Wengine wananiambia lazima pea. Nimetembea nalo, mashine iko sawa tu.

Nne Silinda

Kampuni tofauti siyo dhambi kama yote ni radiali (nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja toka mdomo hadi mdomo) na ya kazi moja. Kosa ni kuchanganya radiali na yale ya nyuzi za mshazari, au mbele kashata nyuma la mbio. Hata hivyo angalia la mbele nalo. Watu wanalisahau kwa sababu linachelewa kuisha, na ndilo linalobeba kazi kubwa ya breki.

Lindi Mjini Mitwero

Radiali yote mawili, nimehakikisha, kuna R kabla ya 17. Asante mkuu. Na kwa mnaopita njia hii: mvua za kwanza mwisho wa mwaka ndizo mbaya kuliko za Machi. Lami imekaa kiangazi chote inakunywa dizeli na vumbi, malori ya korosho yamepita usiku na mchana, halafu manyunyu kidogo. Hapo hata la raba ya mvua linateleza. Subiri mvua kubwa ioshe.

Chuma cha Mikindani

Kwa hiyo tufanye hivi kabla ya Novemba. Wenye kuhitaji andikeni saizi hapa, tuagize kwa pamoja, mzigo uje kwa basi moja na tugawane nauli. Namba za ubavuni muandike zote, siyo "la Suzuki".

Lindi Mjini Mitwero

120/70-17 la mbele, moja. Nitashukia kulichukua Mnazi Mmoja.

Mzee wa Foleni

180/55-17 W 73. Picha ya DOT kwanza, dada amenitia hofu. Na fundi, unafungua Jumapili?

Fundi Mkanaledi

Jumapili baada ya saa nane. Njoo na kitabu cha mashine.