George Rogers Clark: kwa nini alifariki akiwa maskini?

Mpenda Historia: Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Huyu ofisa wa wanamgambo wa Virginia, aliyeiteka ngome ya Vincennes (katika Indiana ya leo) mwaka 1779, wakati wa Vita vya Uhuru wa Marekani, ilikuwaje akaandamwa na madeni hadi alipofariki mwaka 1818?

Mzee wa Maktaba: Ndugu, chanzo ni vita vyenyewe. Februari 1779 alivuka nyanda za Illinois zilizofurika akiwa na watu wapatao 170, maji ya baridi yakiwafika kifuani, akamlazimisha Henry Hamilton, naibu gavana wa Waingereza wa Detroit, asalimishe ngome. Mahitaji ya jeshi aliyakopa kwa dhamana yake mwenyewe, na Virginia ilipokataa kumrudishia fedha hizo, wadai walimgeukia yeye, na mali yake ikapukutika. Hilo, kwangu, ni dhuluma.

Binti Msomi: Shikamoo Mzee. Nakubali alidhulumiwa, lakini tusiwasahau Washawnee, kabila la Wenyeji wa Amerika, ambao vijiji vyao na mashamba yao ya mahindi aliyateketeza mwaka 1780 na tena 1782, wala wale mateka Wenyeji waliouawa kwa mashoka mbele ya ngome ya Vincennes.

Mzee wa Maktaba: Marahaba, binti yangu. Hamilton mwenyewe aliandika kuhusu mauaji hayo.